Kibanio cha Mwisho: Hotuba kwa Madereva Kuhusu Betri Iliyolala

Ndugu zangu madereva, mama zangu na baba zangu, na nyinyi vijana wa ufundi mliosimama kule nyuma, nawashukuru kwa kuja. Sogeeni karibu, viti vya mbele viko wazi, na kitu ninachotaka mkione ni kidogo.

Hiki nilichoshika ni kibanio cheusi. Kimetoka kwenye kebo za kubusti gari, yaani kuwasha gari ambalo betri yake imeisha kwa umeme wa betri nyingine, zile ambazo wengine wenu mnaziita kebo za kujampu. Kebo ni mbili, vibanio ni vinne: viwili vyekundu, viwili vyeusi. Vitatu vya kwanza havitanichukulia muda. Hiki cha nne, cheusi kinachofungwa mwisho, ndicho kilichonileta mbele yenu, kwa sababu nilishaona kinachotokea kikifungwa mahali pasipo pake.

Nilikuwa mwaka wangu wa kwanza gereji. Gari lilisukumwa hadi mlangoni asubuhi, betri imelala kabisa, mwenyewe amekwisha kujaribu na kujaribu kabla ya kufika kwetu. Tukaleta gari jingine, likasimama ubavuni. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa hodari kuliko wanafunzi wenzake wote, akafunga nyekundu na nyekundu, akafunga nyeusi kwenye betri nzima, kisha akainama na kufunga nyeusi ya mwisho juu ya betri ile iliyolala. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya siku zote. Ikaruka cheche ndogo, ya kawaida, tuliyoizoea. Siku hiyo ilikuta gesi inaisubiri. Nilisikia mlio kama wa tairi la lori linapopasuka, mfuniko wa betri ukaruka vipande vipande, na tindikali ikampata mwenzangu usoni.

Fundi wetu mkuu hakuuliza swali. Alimshika ukosi, akamkokota hadi bombani, akampanua kope kwa vidole vyake mwenyewe na kuacha maji yatiririke. Kijana analia, anaomba aachwe, mzee anakataa. Ilipita zaidi ya robo saa ndipo akamwachia, wakaenda hospitali. Macho yalipona. Daktari alisema yalipona kwa sababu ya yale maji.

Yule kijana hakuwa mzembe, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alifanya vile alivyotuona sisi sote tukifanya. Alionyeshwa namna, hakuelezwa sababu. Leo nataka mtoke hapa na sababu, kwa maana mtu anayejua sababu hata akisahau mpangilio saa nane za usiku, mvua inanyesha, ataufikia mwenyewe kwa kuufikiri.

Basi tufungue betri kwa maneno, maana kwa mikono sitaki mtu aifungue. Ndani ya betri ya kawaida ya gari dogo mna vyumba 6. Kila chumba, kikiwa na chaji kamili, kinatoa kama volti 2.1, ndiyo maana betri tunayoiita ya volti 12 ikipimwa imejaa inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Kila chumba kina bamba za risasi, zimezama kwenye tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyeunda betri ya risasi inayoweza kuchajiwa upya, mwaka 1859, na kanuni yake ndiyo hii hii iliyo chini ya bonneti zenu. Betri ikitoa umeme, tindikali inaingia kwenye bamba na kuzigeuza salfeti ya risasi, na majimaji yanayobaki yanazidi kuwa maji matupu. Ukichaji, mambo yanarudi nyuma: salfeti inayeyuka, tindikali inarudi majini.

Ila chaji inapokaribia kujaa, au inaposukumwa kwa nguvu kupita kiasi, umeme unakosa kazi ya kufanya kwenye bamba na unaanza kuyapasua maji yenyewe. Yanatoka haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu, na ikichanganyika na hewa kuanzia asilimia 4 hadi asilimia 75 inalipuka. Tazameni upana huo. Mvuke wa petroli ukizidi sana hewani haushiki moto, kwa kuwa unakosa oksijeni ya kutosha. Haidrojeni haikupi nafasi kama hiyo: karibu kiwango chochote utakachokikuta juu ya betri kinatosha kulipuka. Na betri ambayo maji yake yamepungua ina uwazi mkubwa zaidi juu ya bamba, yaani chumba kikubwa zaidi cha kuhifadhi gesi.

Sasa cheche. Unapounganisha betri mbili kwa kebo, vibanio vitatu vya kwanza kwa kawaida havitoi cheche ya maana, kwa sababu umeme bado hauna njia ya kuzunguka. Cha nne ndicho kinachofunga mzunguko, na pale kinapogusa ndipo cheche inaporuka. Huwezi kuizuia. Unachoweza ni kuichagulia mahali pa kurukia.

Kwa hiyo cheusi cha mwisho hakifungwi juu ya betri iliyolala. Kinafungwa kwenye chuma kitupu cha injini ya gari hilo hilo, chuma kizito kisicho na rangi wala grisi, mbali na betri kadiri kebo inavyofika. Injini na bodi vimeunganishwa na upande hasi wa betri kwa waya wa ethi, kwa hiyo umeme utafika vile vile. Tofauti ni kwamba cheche itaruka mahali pasipo na gesi. Magari mengi ya siku hizi yana kijiti maalumu cha kufungia, na kitabu cha gari kinaonyesha kilipo. Kibanio hicho msikifunge kwenye bomba la mafuta, wala kwenye kitu kinachozunguka au kilicho jirani na feni.

Mama pale mbele ananyoosha mkono. Naam, mama.

Anauliza: mbona watu wengi hufunga moja kwa moja kwenye betri na hawapatwi na lolote? Swali zuri, mama, na ni kweli. Mara nyingi upepo umeshaipeperusha gesi, kwa kuwa haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa na hupanda haraka. Mara nyingi chaji haikuwa kubwa. Unaweza kufanya hivyo miaka 20. Yule mwenzangu naye alikuwa amefanya mara nyingi kabla ya asubuhi ile. Ninachowaomba hakigharimu shilingi wala dakika: ni kukipeleka kibanio kile kile hatua mbili pembeni.

Kabla hatujafika kwenye kebo, tuulizane kwanza kama kweli ni betri. Nimeona watu wakibusti gari lililoishiwa mafuta. Ukizungusha swichi ukasikia tak-tak-tak-tak ya haraka na taa za dashibodi zinafifia, betri imeisha au tamino zake, zile nguzo mbili zinapofungwa waya, hazishiki vizuri. Ukisikia mlio mmoja mzito kisha kimya, huenda ni stata yenyewe, ile mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha. Injini ikizunguka kwa nguvu zake zote lakini haiwaki, iacheni betri, haina kosa. Tafuteni kwenye mafuta au kwenye moto wa plagi. Na kama kuna ukimya tu bila taa hata moja, angalieni tamino kabla ya kumpigia mtu simu. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota pale unazuia umeme kama kutu inavyoziba bomba. Nimeshawasha magari mengi kwa kukaza nati tu.

Kuna jambo linawadanganya wengi: redio inaimba, taa ya ndani inawaka, basi mtu anasema betri ni nzima. Taa ya ndani ya wati 5 inakula chini ya nusu ampea, na ampea ndiyo kipimo cha wingi wa umeme unaopita. Stata ya gari dogo la petroli inataka ampea 100 hadi 200 kwa zile sekunde chache, na ya dizeli inataka zaidi. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mkono wa binadamu kwa mtalimbo mbele ya injini, na mtalimbo ukirudi nyuma ghafla ulivunja mikono. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyetengeneza stata ya umeme ambayo Cadillac waliiweka kwenye magari yao ya mwaka 1912. Tangu hapo betri ndiyo inayobeba mzigo huo. Mtu asiyeweza kunyanyua gunia anaweza bado kunyanyua kikombe, na redio ni kikombe.

Kipima volti kidogo kitakusaidia kuliko kubahatisha. Pima gari likiwa limepumzika saa kadhaa bila kuwashwa. Ukisoma 12.6, imejaa. Ukisoma 12.4, imebaki kama robo tatu, 12.2, nusu, 12.0, robo. Ikishuka hadi 11.8 au chini yake, imeisha. Na ukichaji usiku kucha, ukaipumzisha, ukasoma kama 10.5, basi chumba kimoja kati ya vile 6 kimekufa, na hiyo haitibiki kwa kubusti wala kwa chaja.

Kuna betri ambazo hazibustiwi kabisa. Mkikuta betri imepasuka au inavuja, msiiunganishe. Mkikuta imevimba ubavuni, msiiunganishe. Ikitoa harufu ya yai viza, ondokeni, fungueni milango hewa ipite, mwacheni fundi aje. Na kwa wale wanaoendesha kwenye nchi za baridi kali: betri iliyoisha chaji imebaki na maji mengi ndani, kwa hiyo inaganda mapema zaidi kuliko iliyojaa. Iliyoganda ikisukumiwa umeme inaweza kupasuka. Iyeyuke kwanza, ikaguliwe.

Volti ziwe sawa. Gari dogo ni volti 12, na malori mengi makubwa ni volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofungwa kwa kufuatana. Dereva wa lori mwenye moyo mzuri akisimama kukusaidia, mshukuru, kisha muulize volti kabla hajashusha kebo. Volti 24 kwenye gari la 12 inaweza kuua kompyuta ya gari, na sijawahi kuona mtu aliyefurahia bei ya kompyuta ya gari.

Kuhusu kebo zenyewe, nasema kwa uchungu kwa sababu watu wanauziwa uzi. Usitazame unene wa plastiki ya nje. Tazama shaba iliyo ndani. Kwa gari dogo la petroli nataka kebo yenye shaba ya milimita 16 za mraba, na kwa injini kubwa au dizeli, 25. Kebo nyembamba inapata joto, plastiki inayeyuka, na umeme unaofika upande wa pili ni kidogo hata stata haigeuki. Mtu analaumu betri ya jirani kumbe kosa ni la kebo.

Haya, magari yamekaribiana. Yasigusane. Bodi zikigusana zimekwisha kujiunganisha zenyewe kabla hujawa tayari. Breki za mkono zivutwe, gia ziwe huru, au kwenye P kama ni ya otomatiki. Zimeni injini zote mbili, taa, feni ya hewa, redio, kila kitu. Sigara izimwe, na asiwepo mtu wa kumulika kwa kiberiti. Nalitaja kwa sababu usiku watu hutafuta tamino kwa moto. Vua pete, saa ya chuma na bangili. Pete ikigusa tamino chanya huku imegusa pia bodi, au spana iliyogusa bodi, inapata joto la kuunguza nyama kabla hujaweza kuuondoa mkono. Vaa miwani ya kazi. Haifanyi uonekane mwoga.

Sasa tafuta chanya, ile ambayo mafundi tunaiita plasi. Usiamini rangi ya waya peke yake, kwa kuwa huenda mtu alishabadilisha waya kwa ule aliokuwa nao mfukoni. Tafuta alama ya kujumlisha iliyochongwa kwenye betri. Futa vumbi uione. Kwenye betri nyingi nguzo ya plasi pia ni nene kidogo kuliko ya mainasi, yaani hasi. Ukikosea hapa ukafunga kinyume, katika nafasi nzuri utaunguza fyuzi kuu. Ukikosa bahati, unachoma dayodi za alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, na kompyuta pia.

Mpangilio ni huu. Kibanio chekundu kwenye plasi ya betri iliyolala. Chekundu cha pili kwenye plasi ya betri nzima. Cheusi kwenye mainasi ya betri nzima. Na cheusi cha mwisho mnakijua kinapokwenda, sikirudii. Kwa nini tunaanza na nyekundu upande uliolala? Kwa sababu kibanio kinachoning'inia wakati huo kimeunganishwa na betri isiyo na nguvu. Kikikuponyoka kikagusa chuma, madhara ni madogo. Ukianza na betri nzima, umeshika mkononi ncha yenye uwezo wa mamia ya ampea.

Washa gari linalosaidia, liache lingurume kama dakika 5. Hapa vitabu vya magari vinatofautiana: vingine vinasema injini ya msaidizi iendelee kuwaka wakati unajaribu, vingine vinataka izimwe kwanza. Fuata kitabu cha gari lako. Jaribu kuwasha gari lililolala. Stata isizidi sekunde 10 kwa mara moja, kisha ipumzike dakika nzima, maana inapata joto haraka sana. Ikishindikana mara tatu au nne, acha. Sogeza vibanio ushike chuma vizuri, jaribu tena mara moja. Zaidi ya hapo unatafuta tatizo jingine, na kuendelea kulazimisha ni kuchoma stata tu.

Likiwaka, usikimbilie kung'oa. Washa feni ya hewa ya ndani au kipasha joto cha kioo cha nyuma kwenye gari lililopokea, ili umeme wa alteneta uwe na pa kwenda kebo zitakapoondoka. Kisha ondoa kwa kurudi nyuma: cha mwisho kufungwa ndicho cha kwanza kutoka. Kile cheusi kwenye chuma cha injini. Kumbukeni kuwa kukata mzunguko nako kunatoa cheche, na dakika hiyo betri imetoka kusukumiwa chaji ya nguvu, kwa hiyo gesi ipo kuliko ilivyokuwa mwanzoni. Wengi wanakuwa makini kufunga na wanalegea kufungua, kwa sababu gari limewaka na moyo umetulia. Vibanio visigusane mpaka vyote vinne viwe vimetoka.

Kuna desturi moja nataka tuizike hapa hapa. Gari likiwaka, mtu anachomoa tamino ya betri injini ikiwa inanguruma, eti anapima kama alteneta inachaji. Wazee wetu walifanya hivyo kwenye magari yasiyo na kompyuta, wakapona. Betri ni kama tangi linalomeza mawimbi ya umeme wa alteneta. Ukiling'oa ghafla, volti zinapanda kwa kishindo, na kishindo hicho kinaishia kwenye vifaa vya kompyuta. Nimepokea gari lililoingia gereji na tatizo la betri likatoka na tatizo la kompyuta, kwa kipimo hicho hicho. Mtaka kupima alteneta aweke kipima volti kwenye betri injini ikiwaka: kikisoma kati ya 13.8 na 14.7 kwa kawaida inafanya kazi. Baadhi ya magari mapya hushusha na kupandisha volti yenyewe kwa akili zao, kwa hiyo ukiona namba ngeni, mwulize fundi wa umeme kabla ya kununua alteneta.

Na sasa lile ambalo watu hawapendi kulisikia. Gari limewaka, betri haijapona. Alteneta imetengenezwa kurudisha kile kidogo kinachotumika wakati wa kuwasha, na kulisha gari likiwa barabarani. Betri ya ampea-saa 50, yaani yenye umeme wa kutoa ampea 1 kwa saa 50, ikiwa imelala inahitaji chaja halisi: kwa ampea 5, ni zaidi ya saa 10. Kuliacha gari lingurume dakika 15 uani, ukazima ukaenda kulala, ni kujiandalia asubuhi nyingine kama ile. Endesha kama ni lazima, ila usiku uiweke kwenye chaja, mahali penye hewa. Na usiiache imelala wiki nzima ukisema utashughulika ukipata nafasi. Ile salfeti niliyoitaja inageuka fuwele ngumu isiyokubali kuyeyuka tena, na uwezo wa betri unapungua moja kwa moja.

Jiulizeni pia kwa nini ililala. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja zinakula kama ampea 9. Betri ya ampea-saa 45 inamalizwa kwa takriban saa 5, na stata itakuwa imeshashindwa mapema kabla ya hapo. Taa ya buti ya wati 5 ambayo haizimi inachukua siku mbili na nusu kula nusu ya betri, na huwezi kuiona kwa sababu buti limefungwa. Hata gari lisilo na kosa linakula kidogo likiwa limezimwa, kwa ajili ya saa, kengele ya wezi na kumbukumbu za kompyuta. Miliampea 50 zinaonekana si kitu, lakini ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na gari likisimama wiki tatu nusu ya betri imekwenda. Kama haukuacha kitu kikiwaka, na betri ina miaka minne au mitano, na mlio wa kuwasha ulikuwa unazidi kuwa mzito kila wiki, basi ilikuwa inakuaga.

Kijana mmoja nyuma anauliza kuhusu kusukuma. Kaka, gari la gia za mkono linasukumika, swichi ikiwa imewashwa ili usukani usijifunge, gia ya pili, unaachia klachi. Lakini jueni kwamba kabla injini haijawaka breki zinakuwa ngumu na usukani mzito, kwa hiyo si kwenye mteremko wenye watu. Gari la otomatiki halisukumwi likawaka, msijichoshe. Na magari ya mseto, yale yenye injini na mota ya umeme, yana betri ndogo ya volti 12 inayoweza kusaidiwa kwa sehemu iliyoonyeshwa kwenye kitabu, lakini watengenezaji wengi wanakataza yasitumike kusaidia magari mengine. Nyaya za rangi ya machungwa ndani ya gari hilo msiziguse kamwe. Huko kuna volti za kuua.

Vile vifurushi vidogo vya lithiamu vya kubusti, navipenda. Vingi vinakataa kutoa umeme ukikosea plasi na mainasi, na hutakiwi kumwamsha jirani. Vichajiwe kila baada ya miezi michache, na visiachwe juani ndani ya gari.

Mzee wangu pale anataka nizungumzie maji ya betri, na amefanya vyema, kwa sababu jina hilo lina hatari ndani yake. Watu wanaita maji ya betri vitu viwili. Kimoja ni maji yaliyotoneshwa, safi, yasiyo na chumvi. Kingine ni tindikali ya kujazia betri mpya kavu. Chupa zinafanana. Kinachopungua kwenye betri inayotumika ni maji, tindikali haitoki. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yaliyotoneshwa tu, bamba zifunikwe, na kiasi cha kujaza hadi alama kikamilishwe baada ya kuchaji. Ukiongeza tindikali unaziunguza bamba. Ukiongeza maji ya bomba unaingiza chumvi. Soma chupa. Na kama kuna mtoto nyumbani, chupa ya tindikali isikae kabisa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Hilo nawasihi, ndugu zangu, nawasihi sana.

Tindikali ikimwagikia ngozi, vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, maji yanayotiririka kwa dakika 20, kope zimepanuliwa, kisha hospitali hata kama maumivu yamepungua. Usitie dawa ya kienyeji, usitie maziwa, wala usisubiri mtu wa kukushauri. Kwenye gari weka chupa ya lita moja na nusu ya maji safi pamoja na zile kebo, hata kama huna nafasi.

Nimesema vya kutosha, na maneno hayafungi kibanio. Pale nje kuna magari mawili. Betri ya lile la bluu tuliilaza jana kwa makusudi, imesoma 11.6. Miwani iko mezani, tatu. Namwomba dada yule wa kiti cha tatu, uliyesema mlangoni kwamba hujawahi kugusa betri maishani mwako: njoo uvae miwani, uvue hiyo bangili, uchukue kibanio hiki. Sisi wengine tutasimama nyuma yako, na hakuna atakayekuelekeza mpaka umetuonyesha mwenyewe utakifunga wapi.